Ng'w kwenye kadi ya sendofu: fonti ya hati ilipokutana na jina la Kisukuma

"Huyu Ngwashi ni nani?"

Mzee aliuliza akiwa bado mlangoni, kadi mkononi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba upesi upesi, akaja moja kwa moja mpaka mezani na kuiweka kadi chini ya taa. Kidole chake kikatua juu ya jina la binti yake, lililochapwa kwa rangi ya dhahabu kwa fonti ya hati, yaani herufi za kulala zinazoiga mwandiko wa mkono, zenye mikia mirefu na vilemba. Jina hilo mimi na kijana ninayefanya naye kazi tulikuwa tumelisifia tangu juzi yake.

"Binti yangu anaitwa Ng'washi," akasema, akilitoa puani, taratibu, kama anavyolitamka mtu yeyote aliyekulia Usukumani. "Huyu wa kwenye kadi simfahamu."

Kadi 300 zilikuwa zimeshakatwa na kufungwa. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ilikuwa wiki tatu mbele. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa halikuwa la tahajia peke yake. Lilianzia kwenye fonti, na makosa ya ukoo huo nayaona kila wiki hapa Mwanza kwenye kadi, vyeti na kuta za kumbi za sherehe. Majina ya familia siyaandiki. Ng'washi ni jina la mfano. Nimelichagua kwa kuwa linaanza kama lile la binti mwenyewe na lina shida zake zote.

Kazi ilivyokuja

Katibu wa kamati, mpwa wa mzee, alifika dukani na picha kwenye simu: kadi ya harusi aliyopelekewa kutoka Dar es Salaam. "Kaka, nataka hati kama hii hii. Yote. Kuanzia juu mpaka chini." Alitaka karatasi nene ya rangi ya maziwa, ukubwa wa A5, maandishi ya dhahabu, na nyuma ya maandishi picha ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, jua likizama. Maneno alinitumia kwa WhatsApp. Yalikuwa yale tunayoyajua sote: familia ya Bwana na Bibi fulani wa Nyegezi wanayo furaha kumwalika, halafu mstari wa nukta nukta wa kujaza jina la mwalikwa, kwenye sherehe ya kumuaga binti yao mpendwa, mnamo tarehe fulani, saa 1:00 usiku, chini kabisa namba mbili za simu za mchango.

Fonti ya kwenye picha hatukuwa nayo. Kijana akatafuta mtandaoni inayofanana nayo, akaipata ya bure, akaipakua, akaanza kupanga. Ndani ya faili kulikuwa na waraka mfupi wa masharti. Hatukuufungua. Tulikuja kuusoma baadaye: fonti ilikuwa ya kujaribia tu, kwa matumizi binafsi, si kwa kazi ya kulipwa, na kwa kuwa ni ya kujaribia, ilikuwa na herufi za alfabeti, tarakimu na alama chache za nukta, basi. Alama nyingine zote zilikuwa kwenye toleo la kununua.

Ritifaa, ile alama (') ya kwenye *ng'*, ilikuwa mojawapo. Kijana alipobandika maneno, mahali pa ritifaa ya Ng'washi pakatokea kisanduku kitupu. Akadhani ni uchafu uliokuja na maneno kutoka kwenye simu, akakifuta. Mimi nilipoletewa sampuli niliangalia mikia, nikaangalia nafasi, nikaangalia dhahabu inavyong'aa. Jina sikulisoma. Nililitazama, sikulisoma, na hapo ndipo kosa linapokuwa langu kuliko la kijana.

Hati hii ilitoka wapi

Ukitaka kuielewa fonti ya namna hii usianze na kompyuta, anza na kalamu. Katika karne ya 18 walimu wa mwandiko wa London waliwafundisha makarani wa biashara hati ya haraka: herufi zimelala kulia, zimeshikana mikono, na mkono unainuka karatasini mara chache. Wanaoifundisha leo huuweka mlalo wake kwenye nyuzi 55 hivi kutoka kwenye mstari. Ncha ya kalamu hutanuka kwa mkandamizo. Mkono ukishuka hukandamiza na mstari hunenepa. Ukipanda hulegea na mstari hubaki uzi. Unene na wembamba unaoupenda kwenye kadi ya harusi haukuwekwa kuwa pambo. Ni pumzi ya mkono wa mtu.

George Bickham alizichonga kurasa za walimu hao kwenye bamba za shaba, zikatoka London kwa mafungu kati ya 1733 na 1741. Chombo cha kuchongea shaba kinaweza uzi mwembamba kuliko manyoya ya bata bukini yaliyochongwa kuwa kalamu, kwa hiyo watu wakaanza kuiga kwa mkono kile kilichowezekana kwenye shaba tu. Tangu hapo hati ya ukoo huu inabeba jina la bamba la shaba, na inabeba pia tatizo lake: nyuzi nyembamba kupita kiasi.

Kwenye uchapaji wa herufi za risasi ilikuwa mateso, maana kila herufi hukaa kwenye kijitofali chake, na herufi iliyolala na kushikana haitaki tofali. Upangaji wa herufi kwa njia ya picha, bila vijitofali, ndio uliofungua njia. Matthew Carter alichora Snell Roundhand katikati ya miaka ya 1960 kwa kufuata mwandiko wa mwalimu wa zamani wa London, Charles Snell. Ed Benguiat akatoa Edwardian Script mwaka 1994, na hiyo ndiyo wengi wetu tuliikuta kwenye kompyuta za maduka, imekaa jirani na Vivaldi na Monotype Corsiva. Mwaka 1996 Microsoft na Adobe wakatangaza OpenType, muundo wa faili unaoruhusu herufi moja iwe na sura kadhaa: *a* ya katikati ya neno, *a* ya mwisho yenye mkia, *g* inayoungana na *g* inayosimama peke yake. Fonti nzuri za hati za leo zinaishi kwa uwezo huo. Kwenye Word sura hizo kwa kawaida zimezimwa. Inabidi uingie kwenye mipangilio ya fonti, sehemu ya ziada, uziwashe mwenyewe. Nimekutana na mafundi wa miaka kumi kazini wasiojua kwamba fonti waliyonayo ina herufi mara tatu ya zile wanazoziona.

Kiswahili ndani ya hati ya Kiingereza

Baada ya mzee kuondoka siku ile nilikaa na kadi kwa muda mrefu, nikaisoma kama mgeni. Ritifaa ilikuwa shida moja. Zilikuwepo nyingine ambazo hakuna aliyezilalamikia, kwa sababu tumezizoea.

Fonti hizi hujaribiwa kwa maneno ya Kiingereza. Mwingereza humaliza maneno yake kwa *s*, *t*, *d*, *n*, *e*. Mchoraji akiweka mkia wa pambo kwenye mwisho wa neno, mkia huo unatawanyika, kila neno na wake. Sisi maneno yetu huishia kwa irabu, na *a* ndiyo mfalme. Chukua mstari wa kadi yenyewe: *wanayo furaha kumwalika kwenye sherehe ya kumuaga binti yao mpendwa*. Maneno kumi, na matano yanaishia kwa *a*. Ile fonti ilikuwa na mkia kwenye kila *a* ya mwisho. Mikia mitano ya sura moja kwenye mstari mmoja, yote ikinyooka kulia, karibu yote ikigonga kinachofuata. Mkia ambao ungekuwa pambo umegeuka kelele. Uliopendeza ulikuwa ule wa *mpendwa*, kwa sababu baada yake palikuwa na nafasi tupu.

Tazama na *mnamo*, neno lisilokosekana kwenye kadi yoyote ya Kitanzania. *M* ina miguu mitatu, *n* miwili. Katika hati ya kuungana unapata miguu mitano mfululizo, yote ya urefu mmoja, imelala upande mmoja, na jicho halijui ikatwe wapi. Kiingereza hakianzishi neno kwa *mn* kwa namna hiyo ila mara chache sana. Sisi tuna *mnamo*, *mnyama*, *mwenyewe*, *mjumuike*, *nimewaona*. Wabantu tumejaza miguu kwenye maandishi. Fonti ambayo *n* yake ina bega la mviringo na *u* yake ina bakuli lililo wazi itakuvusha. Ile ambayo *n* na *u* zinatofautiana kwa uzi mwembamba itakuangusha, hasa kwa wino wa dhahabu.

Halafu dhahabu yenyewe. Kwenye karatasi ya rangi ya maziwa inang'aa ukiigeuza kwenye mwanga. Ukiitazama ukumbini kwenye taa za njano, nyuzi zinazama na unabaki na vipande vya miguu minene tu, kama uzio uliong'olewa waya. Na nyuma yake tulikuwa tumeweka Jiwe la Bismarck, mawe meusi na maji yenye mwanga wa jioni. Nalipenda jiwe lile, kila mgeni anayekuja kwangu nampeleka alione, lakini halikupaswa kukaa chini ya uzi wa robo milimita.

Tarakimu nusura zituletee hasara ya fedha. Katika ile fonti 1 ilikuwa na kofia inayopinda na 7 ilikuwa na kofia inayopinda zaidi. Mjomba mmoja, mmoja wa wachache waliokuwa wamepewa kadi kabla mzee hajazizuia, alituma mchango kwa namba aliyoisoma. Kwa bahati jina la mpokeaji lilitokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri, akaona jina la mtu asiyemjua, akasitisha na kupiga simu kuuliza. Saa 1:00 nayo ilisomeka 7:00. Hapo hakuna aliyepotea, kwa kuwa hakuna anayeaga binti saa saba usiku.

Ritifaa

Turudi kwenye jina. *Ng'* ni sauti moja, king'ong'o, na ritifaa ndiyo inayoitenganisha na *ng* ya ngoma. Kwenye Kiswahili sanifu tuna maneno yanayotegemea alama hiyo tu: kung'oa ni kuchomoa kitu mahali kilipoota, na ngoa ni tamaa au wivu. Kwenye Kisukuma sauti hiyo iko kila mahali. Pale Kiswahili kinaposema *mwana*, Kisukuma kinasema *ng'wana*. *Mwaka* ni *ng'waka*. Kwa hiyo mtu wa Mwanza anayechapa majina hana njia ya kuikwepa. Jina la aina ya Ng'washi litaingia dukani kwako wiki hii au ijayo, na fonti isiyo na ritifaa haiwezi kuliandika. Imekosa herufi, sawa na fonti isiyo na *k*.

Nilimpigia mzee jioni ile, nikamwomba radhi, nikamwambia kadi zote nitazirudia kwa gharama yangu. Kesho yake akaja tena, akiwa ametulia, na mkewe. Nilikuwa nimeshaweka jina kwenye fonti nyingine yenye ritifaa, na nilijua halijakaa sawa, ila sikujua kwa nini. *G* ilikuwa imenyoosha mkono wake kumtafuta *w*, ikakuta ritifaa njiani, ikabaki mkono hewani. *W* nayo ilianza na kijiuzi cha kupokea mkono ambao haukufika. Ritifaa iliyotoka kwenye simu ilikuwa ile iliyonyooka, imesimama katikati ya herufi za kulala kama msumari.

Mama akaliangalia, akasema tu, "Limekatika."

Mzee akasema, "Nipe kalamu, mwanangu."

Nilimpa kalamu ya kawaida ya wino wa bluu. Akaigeuza ile kadi mbovu, akaandika jina la binti yake nyuma yake. Alikuwa karani wa kupima pamba kwenye chama cha msingi, huko Kwimba, kwa miaka mingi, na kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wakulima kwenye stakabadhi. Alinieleza wakati anaandika: mkulima anapima pamba leo, analipwa baadaye kwa ile karatasi, jina likikosewa, mtu anafika dirishani anaambiwa fedha hii si yako. Ng'wanza huyu na Ngwanza yule ni watu wawili. Kwa hiyo ritifaa kwake ilikuwa jambo la haki ya mtu.

Nikaangalia mkono wake. Akaandika *N* ndefu, akashuka na *g*, akaufunga mkia wake chini kwa kitanzi kidogo na hapo akainua kalamu. Akaiweka ritifaa juu, karibu na bega la *g*, kwa mguso mmoja uliopinda. Kisha akaanza *w* upya, bila kijiuzi cha mbele, na kuanzia hapo akaenda *washi* kwa pumzi moja bila kuinua.

Jibu lilikuwa pale. Nilikuwa nahangaika kuziba pengo kati ya *g* na *w*, na mwandishi mwenyewe wa hati hiyo anainua mkono mahali hapo. Katika jina hili pengo ni sehemu ya mwandiko. *Ng'* inafungwa, inavutwa pumzi, halafu *washi* inaanza. Fonti inayong'ang'ania kuunganisha kila kitu inasema uongo kuhusu jinsi mkono wa Msukuma unavyoandika.

Matengenezo

Fonti ya pili niliyochagua ni Great Vibes, ya Robert Leuschke. Inatolewa bure chini ya leseni huria ya SIL, inayoruhusu kazi ya biashara, na ina ritifaa zote mbili, iliyonyooka na iliyopinda. Herufi zake kubwa zina mapambo lakini zimefunguka. *N* yake haichanganyiki na *M*. Sisemi ni nzuri kuliko zote. Nasema iliweza kuandika majina ya watu wa kwetu, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Nikaliandika jina kwa ritifaa iliyopinda, ile yenye sura ya koma iliyopandishwa, kisha nikaligeuza kuwa mchoro kwenye programu ya CorelDRAW ili niguse kila kona. Nikaukata mkono wa *g* pale ulipovuka mwili wa herufi, nikaufunga kwa kitanzi kama alivyofanya mzee. Nikaisogeza ritifaa kushoto na kuilaza kwa mlalo wa herufi nyingine. Nikaondoa uzi wa mbele wa *w*. Sikugusa nafasi kati ya *w*, *a*, *s*, *h* na *i*, na hapa nina neno na mafundi wenzangu: hati ya kuungana haivutwi. Jina likiwa fupi na nafasi ni kubwa, ongeza ukubwa wa herufi au acha nafasi iwe nafasi. Ukitanua umbali kati ya herufi, viungo vyote vinaachia, na jina linakuwa bangili iliyokatika shanga.

Kisha tukaiondoa hati kila mahali pengine. Katibu hakufurahi. "Kaka, si tulikubaliana yote?" Nilimwonyesha ule mstari wa mikia mitano, akanyamaza, ila aliomba maneno *Karibuni sana* chini yabaki kwa hati. Mama akamuunga mkono, na walikuwa sahihi. Maneno mawili, yana nafasi pande zote, na kila mtu anajua yanasema nini kabla ya kuyasoma. Kwa hiyo hati ilibaki sehemu mbili: jina la binti, katikati, kubwa; na *Karibuni sana*. Maneno mengine yote yakawekwa kwa herufi za kitabu, zilizosimama wima, pointi 11. Tarehe, saa na namba za simu pia. Majina ya wazazi mzee alitaka yawe kwa herufi kubwa tupu, nikayaweka kwa hizo hizo za kitabu. Herufi kubwa za hati zikipangwa mfululizo hazisomeki na mtu yeyote, kila moja imechorwa iwe ya kwanza, na ukiwapanga wa kwanza kumi hakuna anayempisha mwenzake.

Dhahabu ikahamia kwenye ukingo wa kadi. Wino wa maandishi ukawa kahawia iliyokolea. Jiwe la Bismarck likaenda upande wa nyuma, peke yake, likapendeza kuliko mwanzo.

Jambo moja tulilolisahau mara ya kwanza ni ule mstari wa nukta nukta. Jina la mwalikwa hujazwa kwa mkono, na kila kamati ina mtu wake mwenye hati nzuri anayepewa kazi hiyo. Hapa alikuwa shangazi wa binti, mwalimu mstaafu. Kwenye kadi ya kwanza mikia ya mstari wa juu ilikuwa inaning'inia ndani ya nafasi yake ya kuandikia. Tukampa sentimita moja na nusu safi. Kadi zilizorudi kwangu nizione baada ya kujazwa zilikuwa na hati mbili, ya fonti na ya shangazi, na kwa sababu ya fonti ilikuwa imepungua, ya shangazi ndiyo iliyokuwa inaongea na mgeni. Ndivyo inavyotakiwa. Mwalikwa anatafuta jina lake kwanza.

Kabla ya kuchapa safari hii tulifanya jaribio la kusoma kwa sauti. Nilipeleka kadi tano nyumbani kwa mzee, Nyegezi, nikaomba watu mbalimbali wasome jina bila kuambiwa: bibi wa binti aliyekuja kutoka kijijini, mtoto wa darasa la nne, dereva wa jirani, dada wa jikoni, na rafiki wa familia Mhaya asiyejua Kisukuma. Sikuwauliza kama ni zuri. Nilisikiliza wapi wanasita. Bibi alisoma bila kusita, akacheka, akairudia mara mbili. Mtoto alisita kwenye *sh*, nikaenda kuipunguza shingo ya *h*. Mhaya alisoma Ng'washi kwa pua sawasawa, na yeye ndiye niliyekuwa namwogopa.

Ukutani

Nilidhani kazi imeisha. Wiki ya sherehe mpambaji wa ukumbi akanipigia: anataka jina lile lile, limekatwa kwa fomu bodi, ubao mwepesi wa povu, upana wa mita mbili, likae nyuma ya meza ya binti. Nikamtumia faili.

Usiku nikakumbuka hesabu. Kwenye kadi jina lilikuwa na upana wa milimita 80, na uzi mwembamba kabisa ulikuwa milimita 0.2. Kutoka 80 hadi 2,000 ni mara 25. Uzi wa kadi ukikuzwa mara 25 ni milimita 5. Utepe wa fomu wa milimita 5 hautoki mzima mikononi mwa fundi, ukitoka utakatika kwenye gari kabla haujavuka Mkuyuni. Nikampigia alfajiri asimamishe, nikanenepesha nyuzi zote hadi milimita 15 na kuacha miguu minene kama ilivyo. Ukiliangalia jina hilo karibu, limepoteza ule mvutano wa nene na nyembamba. Ukiliangalia kutoka meza ya nyuma ya ukumbi, ndilo lile lile la kwenye kadi. Hati moja inahitaji uzito tofauti kwa kila umbali, na hakuna kitufe kinachofanya hivyo badala yako.

Kulikuwa na jambo la plota pia, mashine ya kukatia stika, kwa ajili ya stika za chupa za maji ya kunywa. Herufi za hati hupandana kidogo kwenye viungo. Kwenye skrini huoni, wino ni mmoja. Plota inakata mzunguko wa kila herufi, kwa hiyo kila kiungo kinakatwa katikati na stika inabanduka vipande. Ziunganishe herufi ziwe umbo moja kwanza, ndipo ukate. Na ritifaa iwe kipande chake peke yake, chenye ukubwa wa kutosha gundi kushika, maana cha kwanza kupotea ni hicho.

Tangu kazi ile natumia hati kwa vitu vichache na kwa moyo mweupe: jina la mhitimu kwenye cheti, jina la marehemu kwenye jalada la kitabu cha ibada ya mazishi, jina la duka la magauni pale ambapo mteja anapita kwa miguu na ana muda. Bango la Barabara ya Nyerere siweki, daladala haimsubiri msomaji. Maelezo ya dawa au bei ya sangara kwenye ubao, siweki hata nikilipwa. Na fonti mpya siipokei kabla ya kuiandikia mstari mmoja nilioubandika juu ya meza: *Ng'washi wa Nyegezi na Mhoja wa Kwimba, mnamo saa 1:00 na saa 7:00.* Zinazopita ni chache.

Siku ya kuchukua kadi mpya mzee alizihesabu mwenyewe, akasoma moja kwa sauti, akaiweka mfukoni. Mlangoni akarudi.

"Ile niliyoandika kwa kalamu iko wapi?"

Nilikuwa nimeibakiza kwangu. Akaitaka, nikampa. Nilikuwa nimeshatoa kopi, na kopi hiyo ipo ukutani juu ya printa, chini ya ule mstari wa majaribio.